Shajara ya mradi wa daftari la maziwa, Tanga: Septemba 2023 hadi Juni 2024

2 Septemba 2023

Leo mizani ya kwanza ya kielektroniki imewekwa katika kituo cha kukusanyia maziwa kilicho upande wa Muheza. Kuanzia kesho alfajiri kila mfugaji atakayefika atapimiwa maziwa yake juu ya mizani hiyo, karani ataingiza namba yake ya uanachama kwenye tableti, na ujumbe wenye kiasi alicholeta utaingia kwenye simu yake kabla hajafunga ndoo tupu kwenye baiskeli na kuondoka. Kampuni yetu changa ina watu watatu: mimi ninayeandika programu, mwenzangu ambaye ni daktari wa mifugo aliyesomea Sokoine, Morogoro, na kijana mmoja wa Makorora anayeshughulikia vifaa. Shajara hii nimeianza kwa ushauri wa daktari, aliyesema kwamba anayetaka kuwatunzia watu kumbukumbu zao hana budi kuanza na zake.

Nitangulize nilikotoka, kwa kuwa mradi huu haukuanzia kwenye kompyuta. Nikiwa darasa la pili, mama yangu alipata mtamba wake wa kwanza pale Pongwe kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na deni lake akalilipa kwa kumkabidhi jirani ndama jike wa kwanza aliyezaliwa. Ufugaji wa namna hiyo, wa ng'ombe mmoja au wawili wanaokatiwa majani na kulishwa bandani, ulistawi mkoani Tanga kuanzia miaka ya 1980 kwa msaada wa miradi iliyofadhiliwa na Uholanzi, na hadi leo tangi la maziwa hapa hujazwa kwa ndoo ndogo ndogo za watu wengi. Ada yangu ya sekondari, sare, na nauli ya kwenda kusoma sayansi ya kompyuta Dar es Salaam vilitoka kwa ng'ombe yule na wazao wake.

Mama hakuwa na daftari. Kila alipomaliza kukamua alichora kwa mkaa kwenye ubao wa mlango wa jiko, mstari mrefu kwa lita moja na mfupi kwa nusu, na mwisho wa mwezi alihesabu mistari akailinganisha na fedha alizoletewa na kijana aliyekuwa akipita kukusanya maziwa. Mara nyingi hesabu hizo hazikukutana, na neno la mwisho lilikuwa la mwenye kitabu. Siku moja alinikuta nimesimama mbele ya mlango ule nikihesabu naye kimoyomoyo, akaniambia, "Mwanangu, mistari yangu naijua, lakini siwezi kuung'oa mlango niende nao ofisini."

Baada ya chuo niliandika programu katika benki moja kwa miaka minne na nusu, kazi iliyonifundisha kwamba kila shilingi inayotoka mahali lazima ionekane mahali pengine. Juni 2022 niliacha kazi hiyo, nikarudi Tanga na akiba niliyokadiria ingenitosha kwa miezi kumi na minane, nikapanga chumba kimoja Ngamiani. Kampuni ilisajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, mwaka huohuo. Mama hakunipinga, ila aliuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake kamili, na bado sina: mshahara wa nani utaacha kutoka kwanza, wa kwangu au wa hao nitakaowaajiri.

21 Septemba 2023

Wiki hizi tatu zimekwenda karibu zote katika maneno. Wafugaji wetu wengi wanatumia simu za kitochi, kwa hiyo huduma yetu imejengwa juu ya ujumbe mfupi na menyu ya USSD, ile ya kuanza na nyota na kumalizia na reli. Njia hii si ngeni katika ukanda wetu. Su Kahumbu alipoanzisha iCow, huduma ya ushauri wa ufugaji kwa simu, nchini Kenya mwaka 2011, aliwafikia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kupitia simu za kawaida kabisa, na nimejifunza mengi kwa kuutazama uamuzi wake huo. Ugumu ni kwamba ukurasa mmoja wa USSD hauchukui zaidi ya herufi 182, nafasi zikiwemo, na maneno yetu ni marefu. "Kiasi cha maziwa ulicholeta mwezi huu" peke yake imekula herufi 37. Tumeandika, tumefuta, na tumewasomea akina mama watano wa Pongwe kila ukurasa kwa sauti hadi ukabaki na maneno ambayo hakuna hata mmoja wao aliyetuomba tuyarudie.

Jambo moja linastahili kuandikwa kwa kina kwa sababu litamgharimu yeyote atakayefanya kazi hii kwa Kiswahili. Ujumbe mfupi wa simu huchukua herufi 160, mradi kila herufi iwe ndani ya orodha ya msingi ya mitandao ya simu. Ikiingia herufi moja tu iliyo nje ya orodha hiyo, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi herufi 70, na ukigawanywa, kila kipande hubeba 67 tu. Ujumbe wetu wa kila Jumamosi ulikuwa na herufi 150, na ulikuwa na neno ng'ombe. Alama ya ng'ombe niliyoiandika kwa mkono ilikuwa ile iliyonyooka, ambayo imo ndani ya orodha. Lakini daktari aliuandika ujumbe huo upya katika programu ya kuandikia barua, ambayo huigeuza alama hiyo ikawa iliyopinda bila kumuuliza mtu. Kwa hiyo kila mfugaji alitumiwa vipande vitatu badala ya kimoja, na salio tulilolipia kwa mwezi mzima likaisha kwa siku kumi na moja. Niliitafuta sababu usiku mbili kabla ya kuikuta pale, alama ndogo kuliko punje ya mtama, kati ya g na o. Sasa programu hukagua kila ujumbe na kuinyoosha alama hiyo kabla haujatoka.

9 Oktoba 2023

Limerekebishwa suala la saa. Ujumbe ulikuwa ukisema maziwa yamepokelewa "saa 6:20", na mzee mmoja alifika kituoni akiwa na huzuni ya kweli kwamba tumeandika aliyaleta adhuhuri, kwani maziwa yanayofika saa sita mchana kila mtu anajua yameshaanza kuchacha na mwenye kuyaleta ameonekana mzembe. Ujumbe sasa unasema saa 12:20 asubuhi. Ilikuwa haki yake kulalamika.

18 Novemba 2023

Mgao wa umeme umekuwa mkali. Maziwa yanatakiwa kushuka hadi nyuzi 4 za sentigredi muda mfupi baada ya kukamuliwa ili bakteria wasizaliane, na tangi la kupoozea haliwezi kufanya hivyo bila umeme. Usiku wa kuamkia jana jenereta la kituo lilizimika kwa kukosa dizeli, mlinzi hakujua, na asubuhi maziwa yalipochanganywa na alkoholi kwenye kikombe cha kupimia yaliganda papo hapo, kikombe baada ya kikombe. Yote yalimwagwa. Niliwaona wanawake watatu wakitazama mfereji ule mweupe ukielekea migombani bila kusema neno.

Hatukuwa tumepanga kushughulikia baridi. Mpango wetu ulikuwa kumbukumbu tu. Hata hivyo kijana wetu ameunganisha kipimajoto na kifaa kidogo chenye laini ya simu, na kuanzia leo joto la tangi likipanda juu ya nyuzi 6 kwa zaidi ya dakika ishirini, mlinzi, karani na mwenyekiti wa chama cha wafugaji wanapigiwa simu na kifaa hicho. Kimegharimu fedha ambazo zilikuwa za kodi ya chumba.

17 Januari 2024

Sijaandika tangu Novemba, na sababu yake ni nzito. Nitaieleza kwa ukamilifu kwa kuwa kosa ni langu.

Kabla ya mizani yetu, maziwa kituoni yalipimwa kwa jagi la lita moja lenye mistari. Jagi lilikuwa chanzo cha ugomvi wa kila siku, maana maziwa yaliyomiminwa kwa kasi hufanya povu, na karani husoma chini ya povu wakati mfugaji anasoma juu yake. Mizani haijali povu. Ndiyo hoja niliyowapa kamati ya chama mwezi Agosti, na ilikubaliwa kwa furaha. Niliiunganisha mizani na tableti, na namba iliyotoka kwenye mizani ikaingia moja kwa moja kwenye safu niliyoipa jina la lita.

Oktoba tulianza kuona kwamba hesabu ya kituo na ya kiwandani zinapishana. Gari likiondoka na maziwa ambayo daftari letu linasema ni lita 600, kiwandani, ambako hupimwa kwa ujazo, yalisomeka 582 au 583. Mwanzoni tofauti hiyo ilifichwa na mambo mengine, kama maziwa yanayomwagika wakati wa kuhamisha na yale yanayobaki kwenye kuta za tangi. Desemba ilipofika, kamati ilikuwa imeshawaza wizi. Dereva alisafishwa kwa sababu lakiri za gari lake hazikuwa zimeguswa, akabaki karani, mzee aliyekaa kwenye kituo kile miaka kumi na tisa. Tarehe 3 mwezi huu aliambiwa apumzike nyumbani uchunguzi ukiendelea. Mimi nilikuwepo kwenye kikao hicho. Niliulizwa kama programu inaweza kukosea, nikajibu kwamba nimeikagua mstari kwa mstari na haina hitilafu, na kwa maana ile finyu niliyokuwa nayo kichwani nilisema kweli.

Jana jioni nilikwenda kumwona. Nilidhani naenda kumfariji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Aliagiza chai, akaniuliza hali ya mama na ya ng'ombe wake, kisha akaingia ndani akatoka na laktomita yake mwenyewe, ile ya kioo yenye risasi tumboni na shingo ya namba, ambayo huizamisha katika maziwa ya kila mfugaji ili kujua kama yametiwa maji. Akaishika mbele ya taa.

"Kila asubuhi ninakuandikia kwenye tableti yako moja nukta sifuri tatu sifuri. Wewe uliyesoma, namba hii maana yake ni nini?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa: maziwa halisi husoma kati ya 1.026 na 1.032, yakishuka chini ya hapo yana maji.

"Hiyo ni matumizi yake. Nimeuliza maana yake."

Nikanyamaza. Akasema polepole, bila hasira yoyote, kwamba maana yake ni kwamba lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo moja na gramu thelathini, na kwamba amekuwa akijiuliza kwa wiki mbili, akiwa amekaa barazani bila kazi, kama mizani ile inapima kilo au inapima lita.

Inapima kilo. Niliandika lita kwa sababu akilini mwangu kilo moja na lita moja vilikuwa kitu kimoja, kama ilivyo kwa maji. Kilo 600 za maziwa ukizigawanya kwa 1.03 unapata lita 582 na nusu. Tofauti ni lita 17 na nusu kwa siku, ambayo kwa bei ya shilingi 1,000 kwa lita ni shilingi 525,000 kwa mwezi wa siku thelathini, na chama kimekuwa kikiwalipa wafugaji fedha hizo kwa maziwa ambayo hayakuwahi kuwepo. Namba niliyohitaji kwa kugawanya ilikuwa ikiingizwa kwenye programu yangu kila asubuhi, katika safu ya pili yake, kwa mkono wa mtu yule yule niliyeacha ashukiwe.

Leo saa nne asubuhi nimesimama mbele ya kamati nikaeleza yote, laktomita ikiwa juu ya meza. Nimemwomba mzee radhi mbele yao kama nilivyomwomba jana nyumbani kwake. Tumekubaliana kwamba kampuni haitadai ada ya huduma katika kituo kile hadi fedha zilizopotea, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni mbili, zitakapokuwa zimefidiwa, na kwamba mfugaji hatakatwa chochote, kwa kuwa yeye alileta maziwa yake kwa uaminifu akapokea alichoandikiwa. Mzee anarudi kazini kesho. Ameomba jambo moja tu: tableti ionyeshe kilo na lita, zote mbili, kila mmoja azione.

19 Januari 2024

Imefanyika. Kilo juu, lita chini, na kati yake usomaji wa laktomita wa ndoo hiyo. Mfugaji anaoneshwa kioo cha tableti kabla ya kuthibitisha.

26 Februari 2024

Akiba yangu imekwisha tangu mwanzoni mwa mwezi. Swali la mama limepata nusu ya jibu: wa kwangu ndio ulioacha kutoka kwanza. Jioni ninatengeneza programu za kuhesabia mali kwa maduka mawili ya jumla ya Ngamiani, na malipo yake ndiyo yaliyomlipa kijana wetu mwezi huu, siku nane baada ya tarehe yake. Mgao umepungua tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, wa megawati 235, uanze kuzalisha umeme mwezi huu, na tangi limekaa chini ya nyuzi 5 kwa siku tisa mfululizo.

Nimefanya mazungumzo manne na mwekezaji wa nje. Alituuliza maswali mazuri, hasa kuhusu gharama ya kumwingiza mfugaji mmoja, na yalinilazimisha kupiga hesabu ambazo nilikuwa nazikwepa. Alitaka kampuni isajiliwe upya Delaware, nchini Marekani, kwa sababu sheria za makampuni za huko zinafahamika kwa wawekezaji wengi. Kampuni nyingi changa za Afrika zimekubali hivyo, na sioni ubaya katika jambo lenyewe. Tulishindana kwenye kifungu kingine, kilichohesabu kumbukumbu za wafugaji kuwa mali ya kampuni, inayoweza kuuzwa kwa wakopeshaji. Nilijaribu kumweleza kuhusu mlango wa jiko. Alisikiliza kwa heshima, lakini kifungu kilibaki, nami sikutia saini.

Pia aliona vituo vyetu viwili, cha Muheza na cha Pongwe, ni vichache mno. Hilo halikunisumbua sana. Mtu aliyekulia Tanga anajua kwamba miche ya mkonge iliyofika hapa ikiwa hai mwaka 1893, kati ya elfu moja ambayo Richard Hindorf aliagiza kutoka Florida, ilikuwa 62 tu, na mashamba yote ya mkonge ninayopita nikienda Muheza yalitokana nayo. Kinachonisumbua ni mishahara ya Machi.

20 Machi 2024

Ramadhani imeanza, maziwa ya jioni yanatafutwa sana mjini, na kiasi kinachofika kituoni kimepungua kama ilivyotarajiwa. Chama cha kituo cha Pongwe kimesaini mkataba wa mwaka mmoja na kinalipa kila mwezi. Ni mkataba wetu wa kwanza wenye tarehe ya malipo iliyoandikwa.

Wafugaji wanaitumia huduma kwa namna ambayo hatukuifikiria. Mama mmoja wa Pongwe alibonyeza menyu, akapata jumla ya maziwa yake ya miezi mitatu, akaionesha simu hiyo kwenye kikao cha vikoba na kukopeshwa fedha za kuezekea banda. Wiki iliyofuata wenzake kumi na mmoja walifanya hivyo hivyo. Nimekumbuka historia ya M-Pesa, ambayo majaribio yake ya mwaka 2005 nchini Kenya yalihusu watu kurejesha mikopo midogo kwa simu, hadi waanzilishi wake walipobaini kwamba watu walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao; huduma iliyozinduliwa Machi 2007, na kufika kwetu Tanzania mwaka uliofuata, ilijengwa juu ya walichokiona. Kwa hiyo tunatengeneza ukurasa mpya wa taarifa ya miezi mitatu, ambao mfugaji ataufungua kwa namba yake ya siri na kumtumia amtakaye. Sisi hatumtumii mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka hivyo, na hata isingetutaka, nimeshalitolea jambo hili uamuzi mwezi uliopita.

Katika kulitengeneza limeibuka la majina. Zaidi ya theluthi ya wanachama wa Pongwe wameandikishwa kwa namba ya simu ya mume, ingawa anayekata majani, anayekamua na anayebeba ndoo ni mke. Ujumbe unaingia kwa mume, taarifa ya mkopo inakuwa ya mume. Wanawake sita wameomba kuhamishiwa namba zao. Daktari alihofu tungeleta fitina majumbani, nami nilihofu zaidi kukataa. Tumeamua mwanachama anaweza kuandikisha namba mbili, kila moja ikapata ujumbe uleule kwa wakati uleule, na anayeleta maziwa atajwe kwa jina lake ndani ya ujumbe. Wanaume wawili wamekuja kulalamika, wamekaribishwa, wameelezwa, na mmoja wao ameondoka akiwa ameandikisha namba ya mkewe yeye mwenyewe.

15 Mei 2024

Jumapili tarehe 12 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Seva tuliyokodi, kompyuta inayotunza rekodi zetu zote, iko nje ya nchi. Simu za Pongwe na Muheza ziliendelea kupigika, lakini tableti hazikuweza kuifikia seva, menyu ilijibu kwa kukatika, na programu yangu, niliyoiandika kwa dhana kwamba mtandao utakuwepo daima, ilikataa kupokea ndoo hata moja.

Nilifika Pongwe Jumatatu kabla ya saa moja asubuhi, nikakuta foleni imepinda hadi barabarani na maziwa yanapata joto. Karani wa pale alikuwa binti aliyeanza kazi kwa tableti na hajawahi kuandika risiti ya mkono. Nikampigia mzee wa Muheza. Alimwelekeza kwa simu, namba kwa namba: andika kilo, gawanya kwa moja nukta sifuri tatu, andika lita, mpe nakala ya chini, baki na ya juu. Foleni ilikwisha saa mbili na nusu na hakuna maziwa yaliyokatika. Vitabu vya risiti vilitumika siku tatu. Leo mawasiliano yametengemaa kiasi cha kutosha, nasi tumeanza kuingiza nakala zote kwenye programu.

Maamuzi ya leo ni mawili. Kwanza, programu inaandikwa upya ili kila rekodi ihifadhiwe ndani ya tableti kwanza, kisha ipelekwe kwenye seva mtandao unaporuhusu. Pili, nakala rudufu ya kanzidata itakaa kwenye seva iliyo hapa nchini. La kwanza nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nililiahirisha kwa sababu majaribio yote niliyafanya chumbani kwangu Ngamiani, ambako mtandao hausumbui.

1 Juni 2024

Toleo jipya limefanya kazi wiki moja katika vituo vyote viwili. Jana niliuzima mtandao kwa makusudi kwa saa tatu wakati wa kupokea maziwa, na rekodi zote zilipanda zenyewe mtandao ulipowashwa. Mshahara wa kijana umetoka tarehe yake. Wa daktari umetoka nusu.

Jioni nilikwenda kwa mama na hesabu yake ya Mei mkononi. Bado anachora. Sikuwahi kumwambia aache, na ujumbe wa simu anausoma akiwa amesimama mbele ya mlango, mkaa mkononi. Tulihesabu mistari pamoja, yeye kwa kidole na mimi kwa sauti: lita 201. Programu ilisema 194.2. Tofauti ndogo za desimali huwa zipo, kwa kuwa mstari wake mfupi kabisa ni nusu lita, lakini lita karibu saba si desimali, ni ndoo nzima ya asubuhi moja.

Mama hakusema kitu. Alirudi kwenye mlango akapitisha kidole siku baada ya siku, nami nikafuata kwenye simu, hadi tukafika Jumatatu tarehe 13, asubuhi ya foleni. Kwenye mlango kulikuwa na mistari sita mirefu na mmoja mfupi. Kwenye programu siku hiyo hakukuwa na rekodi yake kabisa. Aliingia ndani akatoka na kopo la majani ya chai, na ndani yake, iliyokunjwa mara nne, ilikuwa nakala ya chini ya risiti: kilo 6.7, lita 6.5, mwandiko wa binti wa Pongwe. Nakala ya juu niliikuta baadaye usiku huo kituoni, imeshikana na ya mbele yake kwa tone la maziwa lililokauka.

Nimeipitia bunda yote ya siku zile tatu, karatasi moja moja, na nimekuta nyingine mbili zilizoshikana hivyo hivyo. Zote tatu nimeziingiza saa tano usiku. Ujumbe wa wenyewe wengine wawili utatoka kesho asubuhi. Wa mama umeshaingia, na amenipigia kuniambia kwamba ameuona.